Benchi la Matone

Kwa miaka ishirini na sita Mwenyezi Mungu alitenda maajabu yake juu ya benchi la mbao katika kliniki ile ya macho, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyejiuliza kwa nini maajabu hayo yalikoma kila Bi Namba alipokwenda likizo.

Mabenchi yenyewe hayakuwa na lolote la ajabu. Yalikuwa mawili, yakitazamana katika ukumbi wa kungojea, kila moja lina nafasi kumi, na kila nafasi imeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Aliyekuja kupimwa alipewa kadi, akakaa penye namba yake, kisha nesi akapita na kichupa akimdondoshea matone ya kupanua mboni. Alipomaliza safu alitangaza kwa sauti ya mkuu wa gereza: "Miwani vueni, macho fumbeni, nusu saa, asiinuke mtu!"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtu aliyefumbishwa macho nusu saa nzima, hana gazeti, hana simu, hana hata dirisha la kuchungulia, atafanya nini? Atapiga soga na jirani. Na mtu asiyemwona anayezungumza naye husema mambo ambayo hata kitandani hajawahi kuyasema.

Bi Namba, mpokezi wa kliniki, aliligundua hilo mwezi wake wa pili kazini. Yeye ndiye aliyeandika majina kwenye daftari kubwa la miadi, na namba ndiyo kiti. Basi akaanza kupanga. Mwalimu mkuu aliyekuwa akitafuta mpishi wa shule alijikuta ubavuni mwa mpishi aliyefukuzwa kazi juzi. Ndugu wawili waliopelekana mahakamani kwa ajili ya uzio walipewa namba kumi na moja na kumi na mbili, Jumanne moja ya mvua, wakatoka wamekumbatiana, wote wawili wanatiririka machozi, ingawa nesi alishikilia kwamba ni dawa. Wajane na wagane ndio usiseme. Kila walipopita dirishani kwake wakishangaa, Bi Namba aliwanyooshea kalamu: "Mnaona? Mnadhani ni bahati? Huyo ni Mungu, amewakutanisha mwenyewe." Wakishatoka, aligeuza shingo kwenye kidirisha cha nyuma, kile kilichofunguka chumba cha mafaili, na kukonyeza jicho.

Aliyekonyezwa ni Kabati.

Kabati alikuwa mtunza mafaili. Jina hilo alipewa na Bi Namba kwa sababu mbili: alikuwa mpana, na siri ikiingia kwake haitoki. Kila jioni daftari lilipita kidirishani likaenda kulala kwenye rafu yake. Yeye alitoa mafaili ya kesho, akasoma namba daftarini, akainakili kwenye kadi, akabana kadi kwenye faili. Alijua kila mpango, kwa kuwa Bi Namba alikuwa na alama yake: watu wawili waliopangwa makusudi, aliweka katikati ya majina yao kitone cha wino mwekundu, kidogo kama kichwa cha pini. Kabati alivihesabu vitone kama wengine wanavyosoma hadithi za gazetini, akingoja kesho aone imekuwaje.

"Siku moja utaumbuka," alimwambia mara kwa mara.

"Na nani? Mungu?" Bi Namba alijibu. "Mwenzangu, mimi namsaidia kazi. Sifa zote nampa yeye. Umeona wapi msaidizi wa namna hiyo?"

Waliishi hivyo. Walikula chakula cha mchana pamoja huku wamefungua kidirisha, mmoja upande huu, mwingine upande ule, kama wafungwa waliozoeana. Walizaa watoto, wakashikiana watoto. Kabati alipofiwa na mume, Bi Namba alilala kwake wiki mbili na kumfulia hadi mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Kisha ikaja Alhamisi ya macho ya Kabati.

Kila mwaka wafanyakazi wa kliniki walipaswa kupimwa, na kila mwaka Kabati alikuwa na kisingizio. Safari hii daktari alimkuta ameshika faili karibu na pua kama anayelinusa, akasema basi, kesho na wewe utakaa kwenye benchi kama binadamu wengine. Akapewa namba saba. Akavua miwani, akatiwa matone, akafumba macho, akajilaumu kwa kutochukua hata njugu mfukoni.

Punde mtu akaketi upande wake wa kushoto, namba nane. Dakika chache baadaye ikasikika sauti ya mwanamume: "Mama, samahani, hapa ni pangu. Kadi yangu inasema nane." Nesi, ambaye hakuwa na subira ya mabishano, alimkatiza: "Nane zimekuwa mbili leo. Nenda kule, kumi na nane pako wazi. Kiti ni kiti."

"Nisamehe," jirani alisema mwanaume yule alipoondoka. Sauti ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. "Nina mafua, sauti yenyewe imekwenda likizo."

"Pole. Hapa wenzio tumewapa likizo macho."

Jirani akacheka, akakohoa. Mazungumzo yakashika njia. Walianza na bei ya miwani, wakaingia kwa watoto, wakatoka kwa watoto wakaingia kwa ndugu.

"Ninaye ndugu mmoja," alisema jirani. "Mdogo wangu. Ninaye, na sina."

"Kafanya nini?"

"Alimzika mama yetu bila kuningoja. Niko njiani siku mbili, gari limeharibika, tumelala barabarani. Nafika na shada la maua mkononi, nakuta udongo umeshakauka."

"Haa!" Kabati alipiga paja. "Huyo mdogo wako hana adabu. Angengoja japo siku moja. Maiti ana haraka gani?"

"Ndicho nilichomwuliza! Maiti ana haraka gani?"

"Na yeye akasemaje?"

"Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniambia: Mama alikungoja miezi saba akiwa hai, hukuja, ulitaka akungoje na akiwa amekufa?"

Sentensi ile Kabati aliijua. Aliitunga mwenyewe, kwenye mlango wa nyumba ya mama yake, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akiirudia kimoyomoyo kama mtu anayeng'arisha viatu asivyopata pa kuvaa.

"Dada," alisema.

"Nani ananiita dada?"

"Yule asiye na adabu."

Namba sita, aliyekuwa anakoroma, aliacha.

"Kumbe," ilisema ile sauti ya kukwaruza. "Miaka kumi na moja, na bado hujui kusalimia."

Kabati aliinuka kinyume cha amri ya nesi, akaondoka kwa hasira na kwa hatua ndefu, akagonga nguzo, akaiomba nguzo imwache apite, na kwa kupapasa ukuta akafika dirishani kwa rafiki yake.

"Umenipanga!"

Bi Namba alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. "Nimekupanga na nani?"

"Usijifanye! Dada yangu. Namba nane. Miaka yote nakuangalia ukiwachezea watu, nikadhani mimi simo. Mimi nimo! Na mimi ni mgonjwa wako!"

"Ngoja. Yule mama mwenye mafua ndiye dada yako?" Bi Namba alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma yake. "Mwenzangu, si mimi. Sijawahi kumwona dada yako. Huyu kaandikishwa kwa jina la mume, na mimi nilimweka kumi na nane kule, mbali kabisa na wewe!"

"Basi nani kamleta nane?"

Bi Namba akainua kidole polepole, akaelekeza juu, kwenye dari lililokuwa na doa la maji. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Kabati hakukiona vizuri, kwa sababu ya matone. "Safari hii ni Yeye. Haki ya Mungu, ni Yeye mwenyewe."

"Hayo kawauzie wagonjwa."

"Nikonyeze? Umeniona nimekonyeza?"

"Sioni hata pua yako."

"Nenda kaangalie daftari basi! Kesho, ukipona macho. Kaangalie."

Kabati hakwenda kuangalia. Mtu mwenye haki yake haendi kuangalia daftari. Hilo ni jambo la watu wenye shaka. Badala yake alifunga kidirisha. Tangu siku hiyo maneno kati yao yaliandikwa kwenye vikaratasi, namba tupu za mafaili, kama majeshi mawili yanayobadilishana mateka. Kila Jumatatu Bi Namba alipitisha kikaratasi kimoja cha ziada. Kilikuwa na neno moja: *Daftari.* Kabati alikikunja akakitupa kwenye pipa. Alikuwa na miwani mipya sasa, mizito na safi. Angeweza kusoma neno hilo kutoka upande wa pili wa barabara. Na daftari lenyewe lililala kila jioni kwenye rafu yake, hatua mbili kutoka alipokaa.

Vikaratasi vilikuwa vinane. Jumatatu ya tisa hakikuja.

Bi Namba alikuwa amefariki Jumapili. Alipiga pasi sare yake ya kazini, akaitundika, akasema anajinyoosha kidogo kabla ya chakula. Moyo ulisimama. Nesi ndiye aliyeleta habari chumba cha mafaili, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya gereza. Kabati alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaendelea kupanga mafaili kwa muda wa nusu saa. Aliyapanga yote vibaya.

Jumatano walimzika. Kabati alisimama nyuma kabisa, palipo na watu waliokuja kwa sababu majirani zao wamekuja.

Ijumaa mume wa marehemu alibisha hodi chumba cha mafaili. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alivaa shati lililokunjamana kwa kuwa aliyejua kulipiga pasi hakuwapo.

"Shemeji."

"Shemeji. Pole sana."

"Tumeshapoa. Wagonjwa wameomba kukutana hapa kesho ukumbini, wamkumbuke. Kila mtu atasema neno. Na wewe useme."

"Mimi? Shemeji, mimi na mkeo tulikuwa hatuongei."

"Najua. Kila jioni alinisimulia mliyokuwa hamjaongea."

Kabati alitafuta la kufanya na mikono yake. Akashika mashine ya kubania karatasi.

"Siku ile ya dada yako," mwanaume aliendelea, "alirudi hakula. Anazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwuliza una nini? Akasema, mume wangu, leo nimeona. Nikasema umeona nini? Akasema, nimeona kitu kimetokea bila mimi kukifanya. Miaka ishirini na sita namsingizia Mungu, leo kaamua kunijibu. Na mtu pekee ninayeweza kumsimulia, ananiita mwongo." Alicheka kidogo, akajifuta pua. "Alicheka mpaka akalia. Sikujua kama ni kicheko au ni kilio. Nilidhani utanieleza wewe."

"Alikuwa hodari wa kutia chumvi, Mungu amrehemu."

"Kwa chumvi, sawa. Kwa kiapo, hapana," alisema fundi bomba, akaondoka.

Kabati alibaki ametazamana na rafu. Hesabu ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyomtisha. Ikiwa Bi Namba alidanganya, basi zile wiki tisa zilikuwa halali yake. Alikosewa, akanuna, kifo kikaingilia kati, pole yetu sote. Lakini kama alisema kweli, basi wiki tisa za mwisho za rafiki wa miaka ishirini na sita Kabati alizitupa kwenye pipa, moja baada ya nyingine, kila Jumatatu.

Alilishusha daftari. Akafungua Alhamisi ile.

Namba saba: yeye. Namba nane: jina la mwanamume, fundi seremala, mgane. Na katikati ya majina hayo mawili, kidogo kama kichwa cha pini, kitone chekundu.

Kabati aliangalia kitone kile mpaka kikaanza kucheza. Kumbe alipangwa kweli! Alipangiwa seremala! Rafiki yake aliyeapa kwa jina la Mungu dirishani alikuwa, saa ileile, ana hatia ya kosa jingine kabisa, na hakuthubutu kulitaja. "Mshenzi wewe," Kabati alisema kwa sauti, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa kuwa hakuna aliyejibu.

Akateremka na kidole hadi chini. Dada yake, kwa jina la mume, alikuwa kumi na nane. Wino wa buluu, mwandiko wa Bi Namba, hakuna kilichofutwa. Ila ile tarakimu ya moja katika 18 ilikuwa imesimama juu kabisa ya mstari wa buluu wa pembeni mwa ukurasa, imelala ndani yake kama mjusi kwenye ukuta wa rangi yake. Kwa miwani mipya ilionekana. Kwa miwani ya zamani, kwa mtu anayenusa mafaili, ilionekana nane peke yake.

Alifungua faili la dada. Kadi iliyorudishwa baada ya vipimo ilikuwa bado imebanwa. *Nane.* Mwandiko ulikuwa mnene, umeinamia kulia. Wa kwake mwenyewe.

Ukumbi ulijaa Jumamosi. Watu walikaa kwenye mabenchi yote mawili na wengine wakasimama, na kwa kuwa hapakuwa na kadi kila mtu alikaa na aliyemjua, wakakosa la kuzungumza.

Mchungaji ndiye aliyeongoza. Yeye mwenyewe alikuwa zao la benchi: namba tatu, miaka kumi na tisa iliyopita, na namba nne ndiye mke wake. Ushuhuda huo alikuwa ameutoa katika mahubiri yasiyo na idadi, na kila mwaka uliongezeka kitu. Siku hizi kulikuwa na mwanga uliopenya darini. "Niliingia humu nikitafuta miwani," alisema, "Mungu akanipa mke. Nani aliyeniongoza kwenye kiti kile? Ni mkono wake Yeye!" Watu wakaitikia. Akafuata mwalimu mkuu na mpishi wake: mkono wa Mungu. Wale ndugu wa uzio: mkono wa Mungu. Mama mmoja aliyepata figo kwa mtu aliyekaa naye namba kumi na tano: mkono wa Mungu, mara mbili.

"Na marehemu," kila mmoja alimalizia, "tutamkumbuka kwa tabasamu lake."

Tabasamu! Kabati, kwenye kona yake, alihisi masikio yanawaka. Miaka ishirini na sita ya kuchunguza watu, kuulizia, kukumbuka nani kaachwa na nani kaachishwa kazi, kuandika, kufuta, kuandika tena. Yote imegeuka meno.

Alipoitwa alikwenda mbele amekumbatia madaftari matatu.

"Mimi sina ushuhuda," alisema. "Nina kumbukumbu za ofisi." Akafungua la kwanza. "Mchungaji, hii ni siku yako. Tatu, wewe. Nne, mama mchungaji. Katikati hapa kuna kitone chekundu. Mnakiona? Pitisheni. Mwalimu mkuu na mpishi, kitone. Ndugu wawili, kitone. Na hapo alikishindilia mpaka karatasi ikatoboka, nadhani alikuwa na wasiwasi. Kila muujiza wenu una kitone. Kitone ni kalamu ya Bi Namba. Alikaa pale dirishani akawapanga, mmoja mmoja, kwa akili yake."

Kelele zikaanza chini kwa chini. Mke wa mchungaji ndiye aliyetangulia kupata sauti.

"Kwa hiyo mimi nilipangwa?"

"Ulipangwa, mama. Kwanza alikuandalia karani wa posta. Akamwona ana majivuno, akamkata. Huyu hapa, kakatwa kwa mistari miwili."

Mama mchungaji alitazama ile mistari miwili, kisha akamtazama mume wake, kisha akaangua kicheko cha kuvunja mbavu ambacho inaelekea alikuwa amekihifadhi kwa miaka kumi na tisa. Mchungaji hakucheka.

"Bibi," alisema, "hivi unajua unachofanya? Unamnyang'anya Mungu utukufu wake."

"Namrudishia Bi Namba wa kwake. Wa Mungu mtagawana wenyewe." Kabati alifungua daftari la tatu, na sauti yake ikapungua. "Ila kuna siku moja hakupanga. Mimi nilikutana na dada yangu kwenye benchi hili baada ya miaka kumi na moja, na kati yetu hakuna kitone. Nimeangalia kwa miwani, nimeangalia kwa kioo cha daktari. Hakipo. Bi Namba aliniambia si yeye, akasema safari hii ni Mungu, mimi nikamwita mwongo, nikafunga dirisha wiki tisa. Jana nimeona aliyeniweka pale. Ni mimi. Nilisoma vibaya namba, kwa sababu mtunza mafaili wa kliniki ya macho alikuwa haoni. Basi mkono huo mnaousifu, mimi mwandiko wake naufahamu. Siku moja tu alisema kweli tupu, na siku hiyo ndiyo niliyomhukumu."

Fundi bomba, kwenye kiti cha mbele, alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza maji yakipita vizuri ndani ya bomba.

"Lakini bibi!" Mchungaji aliruka kwa shangwe ya mtu aliyeona upenyo. "Husikii unavyojieleza? Hilo kosa lako ndilo Mungu aliyelitumia! Ndiyo muujiza wenyewe!"

"Inawezekana. Sasa kama anatumia kosa langu, kwa nini akili ya Bi Namba asiitumie? Mbona yangu mnaipigia makofi, ya kwake mnaiita tabasamu?"

Mchungaji akarudi kwenye njia anayoijua. "Watu wamekuja hapa na imani zao, na msiba wao, umewavuruga. Mama wa figo yule analia. Waombe radhi, tuendelee na sala."

"Mchungaji, usijisumbue," ikasikika sauti kutoka nyuma, karibu na mlango. Haikuwa na mafua tena, na Kabati aliijua kabla hajageuka. Dada yake alikuwa amesimama na bahasha ya miwani mipya mkononi; alikuja kuichukua, akasoma tangazo getini, akaingia. "Huyo tangu utoto haombi radhi. Alivunja chungu cha mama, akasema chungu kilikuwa na ufa."

Ukumbi mzima ukacheka.

"Kilikuwa na ufa," alisema Kabati.

"Kilikuwa kipya!"

"Kipya chenye ufa. Habari yako, dada."

"Ehe. Umejifunza kusalimia."

Mchungaji aliinua mikono yote miwili mpaka watu wakanyamaza. Uso wake ulikuwa wa upole, ule upole wa mtu ambaye hatakuacha utoke mlangoni. "Neno moja tu, bibi. Sema nisameheni, yaishe. Neno moja litakugharimu nini?"

Kabati alifunga madaftari, akayapanga, kubwa chini, dogo juu. Aliwatazama wote waliokaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi katika nyumba ile aliziona sura zao vizuri, mpaka za mwisho.

"Nilikuwa na neno hilo moja," alisema, "na mwenyewe mmemzika Jumatano. Hakuna aliyemrithi. Wewe, Mchungaji, una mke mzuri. Mshukuru aliyekupa, yeyote atakayekuwa. Mama wa figo, unayo figo, usilie. Sijamkosea mtu humu ndani. Mnaweza kuendelea na sala, nami nitasali pamoja nanyi. Lakini radhi siombi."